Majoho ya Dhehebu Lisilokuwapo

Katika kurasa hizi mmezoea kusoma habari za mishahara, za zamu za usiku, na za mapatano kati ya vyama vyetu na waajiri. Safari hii twaomba nafasi tuwaeleze juu ya kazi moja ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa ni kazi, yaani kushona mavazi ya mchezo wa kuigiza. Tumeifanya, imetufundisha, na mwishoni imetuuma. Ndiyo sababu tumeona heri tuiandike, ili mwenzetu atakayeitiwa kazi kama hii asianzie pale tulipoanzia sisi.

Sisi tunaoandika ni mafundi watano wa cherehani hapa Kampala. Watatu tumepita viwandani, tukakaa miaka kwenye mstari wa mashati, huyu akishona kola tu na yule akishona mikono tu, asubuhi hadi jioni. Wawili walijifunza kazi barazani, mbele ya maduka ya vitambaa ya Kiyembe. Sasa tunakodi chumba kimoja kwa pamoja, chenye cherehani nne za kukanyaga na ovaloki moja ya umeme. Kazi zetu za kila siku ni sare za shule, magomesi, kanzu za arusi, na kupunguza nguo za mivumba zinazotoka soko la Owino.

Siku moja alitujia kijana wa kikundi fulani cha michezo, ambacho hatutakitaja. Walikuwa wakitayarisha mchezo juu ya mhubiri wa uongo. Katika mchezo huo, mhubiri anafika kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la miwa, anaanzisha dhehebu lake, na mwezi hata mwezi anachukua mishahara ya watu kwa kuwaahidi kwamba dunia inakwisha na fedha haitakuwa na kazi tena. Kijana alitaka majoho 12: moja la kiongozi, matatu ya wazee wa dhehebu, na manane ya wafuasi. Alitupa wiki tatu.

"Mzee wangu," akamwambia mkataji wetu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, "ni majoho 12 tu. Nguo za kubuni. Hakuna atakayezikagua."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, dhehebu ni la kubuni. Nguo si ya kubuni. Ataivaa mtu."

KWA NINI TULISITA

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, hakutaka kazi hiyo hata kidogo. Yeye ni mtu wa upande wa Kigezi. Wasomaji wengi wanakumbuka yaliyotokea Kanungu tarehe 17 Machi mwaka 2000, wakati mamia ya wafuasi wa kikundi kilichojiita Harakati ya Kurudisha Amri Kumi za Mungu walipoteketea kwa moto ndani ya jengo lao la sala. Baadaye miili mingine mamia ilifukuliwa katika nyumba na viwanja vya kikundi hicho, hata katika nyumba moja ya viungani mwa Kampala. Watu wale walikuwa wameuza mashamba, ng'ombe na vitanda vyao. Nao walikuwa na sare zao. Kuna fundi mahali fulani aliyeketi akazishona, bila kujua.

"Mimi sitaki kushona nguo ya watu wale," mama akasema, nasi tukanyamaza.

Tukamwita yule kijana arudi, tukamwomba atusomee mchezo wote tangu mwanzo hadi mwisho. Akatusomea, tukiwa tumezima cherehani. Tukaona kwamba mchezo haukuwa wa kuwacheka waliodanganywa. Ulionyesha jinsi mtu mwenye akili timamu, mwenye njaa na deni dukani, anavyoweza kufika mahali pa kumpa mwingine mshahara wake wote kwa hiari. Mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema atashona kwa sharti moja: asiwepo mtu yeyote mle ukumbini atakayetazama jukwaani akaona nguo ya marehemu wake, wala nguo ya kanisa lake. Sharti hilo likawa ndiyo kanuni yetu ya kwanza ya kazi.

Isitoshe, jukwaa katika mji huu halijapata kuwa mzaha. Jumba la Michezo la Taifa lilifunguliwa mwaka 1959, na tangu hapo limeona mengi. Mwaka 1977 mwongozaji wake, Byron Kawadwa, aliuawa na watu wa serikali ya Idi Amin muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la Lagos, ambako kikundi chake kilikuwa kimecheza mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko. Mtu aliuawa kwa sababu ya mchezo. Basi aliyeshona mavazi ya mchezo naye ana sehemu yake, na inampasa ajue anashona nini.

KUBUNI BILA KUGUSA IMANI YA JIRANI

Tulidhani kubuni vazi la dhehebu lisilokuwapo ni jambo rahisi. Kumbe ni gumu kuliko kushona lililopo! Kila tulilolifikiria, lilikuwa na mwenyewe.

Tulianza na joho jeupe lenye nakshi nyekundu kifuani. Mzee akacheka. Hiyo ni kanzu! Kanzu ililetwa Buganda katika karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani, na nakshi yake nyekundu, omulela, leo huvaliwa na bwana arusi, Mwislamu na Mkristo pia. Tukaacha. Tukafikiria kilemba cheupe, tukakumbuka Wakorino wa Kenya. Tukafikiria majoho ya rangi nyingi, kila cheo na rangi yake, tukakumbuka Legio Maria, dhehebu lililoanzia upande wa Nyanza nchini Kenya katika miaka ya 1960, ambalo jirani zetu kadhaa ni waumini wake. Kijani tuliikataa wenyewe kwa ajili ya Kanungu.

Kisha mmoja wetu akaja na kamba ya kufunga kiunoni, yenye mafundo matatu. Ilipendeza sana. Lakini mwingine aliyesoma shule ya watawa akasema: "Hii ni ya Wafransisko. Fundo la kwanza ni ufukara, la pili ni usafi wa moyo, la tatu ni utii." Tukaifungua. Tukachora ufunguo kifuani mwa kiongozi, tukaambiwa funguo ni alama ya Mtakatifu Petro, tena ziko kwenye nembo ya Baba Mtakatifu. Tukaufuta.

Mjadala mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya olubugo, yaani nguo ya magome ya mti wa mutuba. Kijana alitaka joho la kiongozi liwe la olubugo, kwa kuwa rangi yake ya udongo mwekundu hupendeza sana kwenye mwanga wa taa. Ni kazi ya mikono ya hali ya juu: gome huvuliwa majira ya mvua, hulainishwa kwa moto, kisha hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, kubwa kwanza na nyembamba baadaye, mpaka linatanuka na kuwa jepesi. Shina lenyewe hufungwa majani ya migomba, nalo huotesha gome jingine. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa binadamu. Sisi wenyewe tungejivunia kuikata.

Lakini mzee alisimama imara. Akasema: "Kwetu olubugo huvaliwa Kabaka anapotawazwa, na marehemu hufungiwa humo. Baba yangu nimemzika ndani yake. Leo nimvalishe mwizi wa kwenye mchezo, aiburute sakafuni?" Hakuna aliyembishia. Badala yake tulitafuta magunia ya kahawa yaliyochakaa, tukayafua mara tatu, tukayachovya rangi ya matofali, tukayapiga pasi yangali mabichi. Mtu aliyeketi safu ya kumi hawezi kusema ni gunia. Wafanyakazi wa kahawa mnaosoma haya, tunawaambia kwamba gunia mlilolibeba mgongoni lilikaa mabegani pa mhubiri wa uongo, na likamfaa.

Alama tuliyoipata mwishowe ilikuwa duara lisilofungika, kama pete iliyokatwa mahali pamoja. Tuliitengeneza kwa utepe wa upindo, jambo lisilogharimu kitu. Tukawauliza majirani wa dini mbalimbali kama wanaijua. Kila mmoja akatikisa kichwa. Ndipo tukajua tumefika.

KITAMBAA NA CHAI

Kwa wafuasi na wazee tulichagua pamba isiyopaushwa. Watu wa pwani waliiita marekani, kwa kuwa katika karne ya 19 ililetwa Zanzibar na meli za Wamarekani kutoka viwanda vya Massachusetts, na wapagazi wakaibeba vichwani hadi Buganda. Hapa Uganda wengi wetu tulikua tukiiita jinja, kwa jina la mji ambako kiwanda cha Nyanza Textile kilianza kufuma katika miaka ya 1950. Majina mawili ya kitambaa kimoja, na yote mawili ni majina ya mahali ambapo wafanyakazi walisimama kwenye mashine.

Hesabu yetu ya kitambaa chenye upana wa sentimita 150 ilikuwa hivi: mita tatu na nusu kwa joho la mfuasi, mita nne kwa la mzee, na mita sita kwa bitana ya joho la kiongozi. Manane ya kwanza ni mita 28, matatu ni mita 12, na la kiongozi mita 6. Jumla mita 46. Tulinunua 49. Kwa nini? Kwa sababu pamba isiyofuliwa hurudi. Tulikata kipande cha mita moja, tukakichemsha, tukakikausha, tukakipima: kimebaki sentimita 95. Fundi anayekata kabla ya kuloweka atalia siku nguo itakapofuliwa.

Rangi nyeupe hailipendi jukwaa. Ikipigwa na taa kali humetameta, na uso wa mchezaji hauonekani. Mafundi wa michezo katika nchi nyingi wana dawa moja ya zamani nayo ni chai. Tulinunua chai ya vumbi, ile ya bei ya chini kabisa, tukaichemsha katika sufuria kubwa, tukaichuja, tukatumbukiza kitambaa na kukigeuzageuza kwa mwiko ili kisitoke na mabaka. Tulikianika kivulini. Kilitoka na rangi ya vumbi la barabarani, nayo ndiyo rangi ya nguo ya mfanyakazi anayefua kwa maji ya bomba moja la kambi nzima.

KUKATA

Mkato tuliutoa kwenye kanzu, kwa kuwa huo tunaujua, lakini tukaubadilisha. Badani mbili, mbele na nyuma. Taharizi ubavuni ili mtu aweze kupiga magoti na kuinuka. Na kikwapa chini ya kila mkono. Watu hudharau kikwapa, lakini mchezaji huinua mikono juu mara nyingi kuliko bwana arusi. Bila kikwapa nguo hupasuka usiku wa kwanza.

Upindo wa chini tuliuweka sentimita tano juu ya sakafu. Joho linalogusa chini humwangusha mtu kwenye ngazi za jukwaa, na mchezaji aliyevunjika mguu ni mfanyakazi aliyeumia kazini kama yule aliyekatwa kidole na mashine. Nyuma tuliweka vifungo vya kubana, kwa kuwa wachezaji watatu walitakiwa kubadilisha nguo gizani kwa muda mfupi.

Tofauti ya vyeo hatukuitia kwenye rangi wala mapambo, tuliitia kwenye mikono. Mikono ya majoho ya wafuasi iliishia juu ya kifundo, imebana, kama ya mtu atakayeshika panga la kukatia miwa. Ya wazee ilifika kwenye vidole. Ya kiongozi ilipita vidole kwa shubiri nzima. Mama wa Kigezi ndiye aliyeleta wazo hilo. Alisema: "Mkono unaofunika vidole ni wa mtu asiyefanya kazi. Watu watamtambua kabla hajafungua mdomo." Ilikuwa kweli. Usiku wa kwanza, kiongozi alipoinua mikono yake na ile nguo ikashuka kama pazia, tulisikia watu nyuma yetu wakiguna.

Mwishoni mwa mchezo wafuasi wamebaki mafukara, kwa hiyo majoho manne kati ya manane yalitakiwa yachakae. Tuliyasugua kwa msasa mabegani na magotini, tukayakwaruza upindo kwa jiwe. Kuharibu nguo yako mwenyewe uliyoishona jana si jambo jepesi kwa fundi. Nako ni kazi, nako kuna saa zake.

MISHUMAA

Hapa ndipo tulipogombana na kikundi kwa mara ya kwanza. Mchezo ulitaka wafuasi wote wanane wasimame wakishika mishumaa inayowaka. Sisi tukasema hapana.

Pamba huwaka upesi. Poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mikono mipana ya joho hupita juu ya mwali bila mwenyewe kujua. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1862, katika jumba la opera la Paris, mchezaji dansi kijana Emma Livry alikuwa kwenye mazoezi wakati sketi yake ilipogusa taa ya gesi. Aliungua vibaya, akafa mwaka uliofuata. Dawa ya kuzuia moto ilikuwapo wakati ule, lakini ilifanya nguo iwe ngumu na kufifia, na yeye hakuitaka. Kijana akatuuliza kama sisi hatuwezi kutia dawa kama hiyo. Tukamweleza kwamba iko, chumvi za boraksi kwa mfano, lakini hutoka nguo inapofuliwa, nao walikusudia kuyafua majoho kila wiki. Nani angekumbuka kuitia tena?

Kisha mama akasema neno moja tu: "Kanungu." Mishumaa ikaondolewa. Walitumia tochi ndogo ndani ya vikombe vya karatasi. Wachezaji wenyewe walitushukuru baadaye. Kumbe nao walikuwa wakiogopa, ila hakuna aliyewauliza.

HESABU YA SAA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo chama chetu hulisema kila siku. Kijana alikuja na bei ya majoho 12. Sisi tulikuja na daftari.

Joho la mfuasi lilichukua saa 5, kwa hiyo manane ni saa 40. La mzee saa 7, matatu ni saa 21. La kiongozi peke yake saa 14. Jumla ya kushona: saa 75. Hayo ndiyo aliyoyaona yeye. Lakini kubuni na kushona sampuli kulitupa saa 18. Kuloweka, kuchovya na kuanika saa 10. Kuchakaza saa 6. Kupima miilini na kurekebisha saa 11. Hizo ni saa 45 nyingine. Jumla yote saa 120. Zaidi ya theluthi moja ya kazi yetu haikuwa katika hesabu ya mlipaji, wala isingekuwa kama tusingeandika.

Ninyi mlio viwandani mna kinga fulani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja saa 48 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Hata hivyo mnajua wenyewe mapungufu yaliyopo: kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na Bunge lilipopitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais hakuutia sahihi. Lakini fundi anayejitegemea, anayepokea kazi ya mteja kwa mapatano, hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Kinga yake ni karatasi aliyoandikishana na mwenye kazi, na wenzake walio kando yake.

Tuliwahi kuumizwa. Miaka iliyopita tulishonea kikundi kingine, nacho hatukitaji, mavazi tisa ya askari, tukaahidiwa kulipwa kutoka kwenye kiingilio. Watu hawakuja, na mpaka leo hatujaona senti. Kwa hiyo safari hii tuliandikishana: nusu ya fedha kabla ya kununua kitambaa, robo siku ya kupima, na robo ya mwisho kabla majoho hayajatoka mlangoni. Tena majina yetu yaandikwe kwenye karatasi ya mchezo, pamoja na ya wachezaji.

SIKU YA MWISHO

Nusu ya kwanza ililipwa. Robo ya pili ililipwa, ingawa kwa kuchelewa siku nne. Siku ya mchezo, saa sita mchana, ikaja gari kuchukua majoho, bila robo ya mwisho.

Tulibishana wenyewe kwa wenyewe mbele ya dereva. Wawili walisema tusitoe hata moja. Wawili walisema wachezaji hawana hatia, nao ni vibarua kama sisi. Mzee ndiye aliyekata shauri. Alitoa majoho 11, akayahesabu mbele ya dereva, akaliacha la kiongozi likining'inia ukutani. Akasema, "Mwambie, dhehebu lote limekwenda. Mhubiri anangoja nauli."

Saa kumi jioni fedha zikaingia kwenye simu, kamili. Tulicheka, tukapeleka joho kwa bodaboda, tukaona tumeshinda.

Wiki moja baadaye mchezaji mmoja alipita kwetu kushona suruali. Katika mazungumzo akatuambia fedha zile zilitoka wapi. Wachezaji walichangishana. Walitoa nauli zao za wiki, kwa kuwa bila joho la kiongozi hakuna mchezo, na bila mchezo wao pia wasingelipwa. Yule aliyetuandikia mapatano hakutoa kitu.

Ndugu wafanyakazi, neno hilo lilituingia. Tulikuwa tumedai haki yetu, na ilikuwa haki yetu kweli. Lakini mkono uliotulipa haukuwa mkono tuliokuwa tukiudai. Tulishika nguo, nayo ikawabana waliokuwa wakingoja kuivaa. Wale nao walikuwa na madai yao kwa mtu yuleyule, wakiyadai upande wao, kila mtu peke yake, bila karatasi. Hatukupata kuketi nao hata siku moja, ijapokuwa tuliwapima mabega na viuno wote 12.

Tulimwomba mchezaji yule awaite wenzake. Walikuja tisa. Tuliwarudishia kiasi tulichoweza, tukaandika deni kwa jina la anayestahili kulilipa, na wote tukatia sahihi kwenye barua moja ya kudai. Mpaka tunaandika haya, amelipa nusu. Nusu nyingine tunaendelea kuidai, mafundi na wachezaji, kwa barua moja.

MAFUNZO

Kwa mwenzetu atakayeitiwa kazi ya namna hii, twasema hivi. Omba usomewe mchezo wote kabla ya kukubali. Waulize majirani wa dini zote kabla hujatia alama kwenye nguo. Loweka kabla ya kukata. Kataa moto. Andika saa zako zote, pamoja na zile za kufikiri. Na siku unayowapima wachezaji, usipime kifua tu. Uliza na wao wamepatana malipo gani na nani.

Juu ya majina: karatasi ya mchezo ilitoka na majina yetu matano, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Wageni wanapokuja Kampala kupiga filamu, kama The Last King of Scotland ya mwaka 2006 na Queen of Katwe ya mwaka 2016, watu wa idara ya mavazi huandikwa mwishoni na kila mtazamaji huwaona. Hapa kwetu, katika mafundi wote wa mji huu, jina la mmoja tu ndilo lililobaki mdomoni mwa watu: Gomes, fundi wa Kigoa aliyekuwa na duka hapa Kampala, ambaye gomesi limeitwa kwa jina lake. Sisi hatutafuti nguo iitwe kwa majina yetu. Twataka yaandikwe pale kazi ilipofanyika, karibu na ya wale walioivaa, ili siku ya kudai tujue tuko wangapi.

Umoja ni nguvu.